Redio ndiyo ya mwisho kushukiwa: jibu kwa fundi wa Katuba

SWALI: Jambo papa. Mimi ni fundi wa simu, redio na madishi hapa Katuba, Lubumbashi. Kuna wazee watatu wenye leseni ya redio za ridhaa (za kuongea hewani kwa kujifunza, si kwa biashara) wananiomba niwe ninawasaidia bure. Wa kwanza, redio yake inazimika kila akianza kusema. Wa pili, tangu aweke sola nyumbani hasikii kitu isipokuwa kelele. Wa tatu anatumia kompyuta na ile FT8, ya kutumiana maandishi mafupi kwa redio. Sauti zinaingia lakini hakuna maandishi yanayotokea. Mimi sina leseni. Naruhusiwa kugusa vyombo vyao? Nianzie wapi? Na je, ni kosa nikiomba hata pesa ya usafiri?

JIBU: Jambo sana, ndugu fundi. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu malalamiko hayo matatu ndiyo hasa yanayozunguka mjini, na hakuna hata moja linalokutaka ufungue kifuniko cha redio. Najua mkono wa fundi huwashwa ukiona skrubu. Uzuie. Kwa stesheni za kwetu redio ndiyo ya mwisho kushukiwa. Mbele yake kuna betri, nyaya, vichwa vya kebo, antena, sola ya nyumbani na ya jirani, na saa ya kompyuta. Ukifungua mashine ya mzee kabla ya kuvimaliza hivyo, utatoka na lawama ya kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Tuanze na huyo ambaye redio inamzimikia. Redio ya HF (mawimbi mafupi) ya wati 100 inaposikiliza hula ampea moja au mbili tu, lakini akibonyeza kitufe na kusema inaruka hadi karibu ampea 20. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8, na huvumilia kushuka kwa asilimia 15, yaani hadi volti 11.7 hivi. Chini ya hapo baadhi hujizima, na nyingine hubaki zimewaka lakini zinatoa sauti iliyokwaruzika, jambo baya zaidi kwa sababu mwenyewe haoni na wenzake kwenye bendi ndio wanaoteseka.

Sasa piga hesabu na mimi. Betri iko mita 5 kutoka mezani, na waya ni wa milimita mraba 2.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za waya. Shaba safi ya unene huo ina ukinzani wa kama ohm 0.007 kwa kila mita, jumla 0.07. Zidisha kwa ampea 20: umepoteza volti 1.4 njiani. Betri iliyokuwa na 12.2 inaifikishia redio 10.8, nayo redio inafanya ilivyoagizwa, inajizima. Mzee ataapa kwamba betri ni nzima, kwa kuwa aliipima asubuhi redio ikiwa kimya. Wewe pima pale nyuma ya redio, kwenye nguzo zake zenyewe, huku yeye akisema. Kipimo kingine chochote kwa tatizo hili ni kupoteza muda.

Dawa ya kwanza haina gharama: sogeza betri. Mita moja na nusu ya waya ule ule itapoteza kama volti 0.4 tu. Ikiwa ni betri ya asidi, isikae chumba kilichofungwa, kwa maana ikichajiwa hutoa haidrojeni. Iweke karibu na dirisha au nyuma ya ukuta, na waya upite kwenye tundu. Fyuzi ikae upande wa betri, sentimita chache kutoka nguzo ya chanya. Watu huiweka upande wa redio kwa kuwa ndiko macho yaliko, lakini waya ukichubuka katikati, fyuzi ya upande wa redio haitaona lolote na nyumba itaungua.

Na uangalie waya wenyewe. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, hata hivyo si ajabu kuingia sokoni ukauziwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa wembe: ikitokea rangi ya fedha ndani, rudisha. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na hesabu yetu ya juu inakuwa volti 2 na ushei badala ya 1.4.

Kama hakuna pesa ya waya mnene wiki hii, mwambie mzee apunguze nguvu hadi wati 50. Atakunja uso. Mweleze kwamba kupunguza nusu ya nguvu ni desibeli 3, na hatua moja ya mita ya S (ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa) ni desibeli 6. Huyo anayemsikia Lusaka au Johannesburg ataona sindano imeshuka nusu hatua, kama ataona.

Wa pili, mwenye sola. Hapa panataka uvumilivu zaidi ya vyombo, na ndipo utakapojulikana kama wewe ni fundi au ni mbadilisha vipuri.

Jambo la kwanza, chomoa antena kutoka kwenye redio. Kelele ikibaki vile vile, inaingia kwa waya wa umeme. Ikinyamaza, inakuja kwa antena, na mara nyingi itakuwa hivyo. Rudisha antena, iendeshe redio kwa betri iliyo peke yake, isiyounganishwa na sola wala inveta, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikiondoka, ni ya nyumbani humo. Washa kitu kimoja kimoja hadi irudi. Usisahau chaja za simu zilizoachwa ukutani bila simu, na taa za LED za bei rahisi. Mara nyingine mhalifu si sola hata kidogo.

Ikiwa ni sola, jua lenyewe litakupimia. Weka redio kwenye 14 MHz au 21 MHz, usikilize saa kumi alasiri, halafu usikilize tena giza likiingia, bila kuzima kitu. Kelele iliyokufa pamoja na jua ni ya kontrola, kile kifaa kinachochaji betri kutoka kwenye paneli. Iliyobaki usiku ni ya inveta au ya kile inveta inachokilisha. Bendi za chini usizitumie kwa jaribio hili, kwani usiku huwa na kelele zake za asili, hasa majira ya radi, utachanganyikiwa.

Kwa nini sola isumbue hivyo? Kontrola na inveta hukata umeme vipande vipande, maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ukataji mkali huzaa mawimbi hadi kwenye HF. Nyaya za paneli zilizotandazwa juu ya bati zinayarusha hewani sawa na antena yoyote. Kwa hiyo tibu nyaya: zifupishe, zisokote chanya na hasi pamoja, na karibu na kontrola uzipitishe zote mbili ndani ya pete moja ya feraiti (kauri ya kisumaku inayozuia kelele), mizunguko kadhaa. Mizunguko ndiyo siri. Nguvu ya kuzuia hukua kwa mraba wa idadi yake: mizunguko mitano huzuia kama mara 25 ya mmoja, ilhali kuvisha vipande vitano mfululizo kunakupa mara tano tu.

Feraiti huna haja ya kuagiza Ulaya. Vile vimbe vya plastiki kwenye kebo za skrini za kompyuta za zamani ndivyo vyenyewe. Wewe unayepokea mashine mbovu kila wiki usivitupe. Ila jihadhari na pete za rangi ya njano na nyeupe zilizomo ndani ya pawasaplai za kompyuta. Zinavutia macho, lakini ni unga wa chuma, zimetengenezwa kwa kazi nyingine, na kwenye HF hazizuii kitu cha maana.

Ikishindikana yote, weka swichi ya kukata paneli wakati mzee yuko hewani. Iwe swichi ya umeme wa DC, siyo ile ya taa ya ukutani: cheche ya DC haizimiki yenyewe kama ya umeme wa nyumba, itayeyusha swichi mkononi mwake. Na kila mara paneli ndizo za kwanza kukatwa, betri baadaye. Kontrola nyingi haziipendi paneli isiyo na betri upande wa pili.

Kelele ikitoka kwa jirani, hapo ufundi umekwisha na heshima imeanza. Mzee mwenyewe aende, siyo wewe, na aende na redio ndogo ya AM ya betri ili jirani aisikie kelele kwa masikio yake.

Wa tatu nitampitia haraka. Kompyuta inasikia, haisomi: ni saa. FT8, iliyotoka mwaka 2017 kwa mikono ya Steve Franke na Joe Taylor (huyu Taylor ndiye aliyepata nusu ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993), hugawa dakika katika vipande vinne vya sekunde 15, na kila anayetuma huanza mwanzoni mwa kipande. Saa ya kompyuta ikipishana na ya dunia kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, programu inasikiliza mahali ambapo hakuna neno. Kompyuta iliyokaa siku nyingi bila intaneti hupotea kirahisi. Iunganishe na simu yako dakika moja, isawazishe. Kama nyumbani kwake mtandao ni wa shida, kipokezi cha GPS cha USB kinamaliza hadithi. Baadaye mfundishe kutazama safu ya DT (tofauti ya saa kwa sekunde): stesheni zote zikionyesha namba karibu na sifuri, sawa, zote zikisimama kwenye moja na nusu, ni yeye aliyepotoka, siyo dunia nzima.

Huku ukiwa hapo, angalia kanda ya saa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC (saa ya dunia), Kinshasa iko saa moja. Nimekuta kompyuta zilizowekwa kanda ya Kinshasa halafu mshale ukasukumwa kwa mkono ili saa ifanane na ya ukutani. FT8 itasoma vizuri tu, kwa sababu yenyewe inajali sekunde, lakini daftari la mawasiliano litakosea saa nzima, na LoTW, mfumo wa intaneti wa kulinganisha madaftari ya pande mbili, hauthibitishi mawasiliano yaliyopishana zaidi ya dakika 30. Mzee atalalamika mwaka mzima kwamba Wazungu hawamthibitishii.

Kuna lalamiko moja hujalitaja, nalo litakuja: "Afrika Kusini wananisikia, Likasi hapa hawanisikii, redio imeharibika." Haijaharibika. Kwenye 14 MHz mawimbi huruka juu ya Likasi na kutua mbali. Mchana ashuke kwenye 7 MHz na waya wa dipoli (antena inayolishwa katikati) wa mita 20 hivi, usioinuliwa sana, mita 6 au 8 kutoka chini. Mawimbi yatapanda karibu wima na kushuka Likasi na Kolwezi. Swali la kwanza kwa kila mgonjwa liwe: uko bendi gani, na unataka kuongea na wapi?

Kabla ya mvua za mwezi wa kumi, pita kwa wote watatu ukague vichwa vya kebo vilivyo nje. Maji yakiingia kwenye kebo yatakudanganya kwa namna ambayo wengi hawaijui: SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kutoka antena, karibu na 1 ndiyo nzuri) inakuwa nzuri. Kebo iliyolowa inameza mawimbi yakienda na kumeza yale yanayorudi, hivyo mita mezani inaona kidogo kinachorudi na kukusifu. Mzee anayekuambia "antena yangu sasa ni 1.1 kwenye bendi zote" mshangae. Chomoa antena juu, acha mwisho wa kebo wazi, upime chini kwa NanoVNA, kile kipimio kidogo cha antena na kebo: hapo karibu kila kitu kinapaswa kurudi. Kinachorudi kikiwa pungufu kwa desibeli 6, gawa kwa mbili. Kebo inakula desibeli 3 kwa safari moja, nusu ya nguvu yake inapasha joto plastiki. Badilisha kebo. Mpya uifunge kwa utepe wa mpira unaojishikisha, na kabla haijaingia ukutani iache ining'inie kidogo chini ya tundu ili matone yadondoke nje.

Radi nadhani unaijua. Sisi hatujafikia wenzetu wa Bukavu, ambao Kabare iliyo jirani yao ilihesabiwa katika utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 kuwa ya kwanza Afrika kwa radi, zaidi ya mimweko 200 kwa kilomita mraba kwa mwaka. Lakini ya kwetu inatosha kuua. Kebo ichomolewe nje ya nyumba, siyo nyuma ya redio, na waya wa umeme pia. Ikishaanza kunguruma usiguse chochote, na mzee naye asiguse.

Sasa leseni na pesa.

Kutengeneza hakuhitaji leseni ya ridhaa. Kutuma hewani kunahitaji. Mwenye kibali ndiye atakayebonyeza kitufe, kwa jina lake la wito linaloanza na 9Q, hata kama ni majaribio ya sekunde mbili. Wewe ukiwa peke yako na redio dukani, itume kwenye mzigo bandia tu, yaani rezista inayomeza nguvu badala ya antena. Utautengeneza mwenyewe: rezista 20 za kilo-ohm 1, za wati 2, zote sambamba, zinakupa ohm 50 na wati 40, ukizitumbukiza kwenye kopo la mafuta zitavumilia zaidi kwa muda mfupi. Zisiwe zile nyeupe za simenti, kwa kuwa ndani ni waya uliosokotwa, na kwenye HF si rezista tena bali koili.

Unapobeba redio ya mtu kuvuka mji, chukua nakala ya kibali chake na karatasi yenye sahihi yake inayosema ni yake na unaipeleka kutengenezwa. Redio yenye antena ndefu inavuta maswali, na maelezo ya mdomo barabarani hayana uzito. Mzee naye amfahamishe shefu wa kartie kabla hujapanda juu ya nyumba kufunga waya, ili majirani wasiwaze mengine.

Kuna kazi moja nakuomba uikatae hata kwa mzee unayempenda. Atakuja mtu, huenda si mmoja wa hao watatu, akuombe ukate diodi au ubadilishe mpangilio ili redio ya ridhaa itume nje ya bendi zake: "tuongee na magari yetu ya machimbo", "ni ya kampuni ya mjomba". Hiyo ni huduma nyingine, ina vibali vyake na masafa yake, na ARPTC ndiyo mamlaka inayosimamia mambo hayo nchini. Ukifanya mara moja, jina lako litafuatana na kila wimbi litakaloingilia mawasiliano ya watu wengine, hata ya ndege.

Pesa: kanuni za kimataifa za redio zinaeleza kwamba huduma ya ridhaa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza, bila nia ya kupata faida. Hilo linahusu mawasiliano yenyewe. Halimzuii fundi kula jasho lake. Umewaahidi kazi ya bure, itimize, lakini vipuri anunue mwenye redio na usafiri alipe yeye. Mimi ningelisema hilo siku ya kwanza, mbele ya wote watatu, kwa sababu msaada wa bure usio na mpaka huisha kwa ugomvi, na wa kwanza kuchoka atakuwa mkeo.

Na fungua daftari, ukurasa kwa kila stesheni. Siku redio ni nzima andika: volti nyuma ya redio ikiwa kimya, volti ikiwa inatuma, SWR kwa kila bendi, urefu na aina ya kebo, kiwango cha kelele kwenye mita ya S saa fulani. Dakika chache tu. Siku atakapokuita usiku akisema "leo haisikii", utamwuliza namba ya S na kulinganisha, pengine usitoke nyumbani kabisa. Mpe naye nakala, ajifunze kupima mwenyewe. Mzee aliyezoea kukuita kwa kila fyuzi hujamsaidia.

Mwisho kuna kitu kwa ajili yako wewe mwenye ujuzi wa madishi, nacho hakikutaki leseni ya kutuma kwa sababu ni kusikiliza tu. Setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba kifaa cha redio za ridhaa kiitwacho QO-100. Imesimama nyuzi 25.9 mashariki, sisi tuko nyuzi 27 na nusu. Maana yake iko karibu juu ya utosi wetu, nyuzi kama 76 kutoka upeo wa macho, imeegemea kaskazini na kuelekea magharibi kidogo tu. Dishi la sentimita 80, LNB (kichwa cha dishi) ya aina ya PLL, isiyohamahama masafa, na kile kipokezi cha USB cha RTL-SDR vinatosha. Sauti zinashuka kwenye 10489.5 hadi 10490 MHz. LNB ya kawaida hupunguza 9750 kutoka hapo, unabaki na 739.5 hadi 740 kwenye kompyuta. Wazee wako watawasikia watu wa Ulaya na Afrika mchana kutwa, bila kungoja hali ya anga.

Dishi litalala likitazama mbingu, kwa hiyo toboa tundu dogo mahali pa chini kabisa, la sivyo mvua ya kwanza italigeuza beseni. Na LNB ilishe volti 12 hadi 14. Ukiipa 18 utaangukia upande wa pili wa kifaa hicho, ule wa televisheni ya ridhaa, utasikia kimya kitupu na kudhani umeuziwa LNB iliyokufa.